Mupolisi, raia na usiku wa muji wetu

(Haya ni maneno aliyosema mwenzetu mmoja mu mukutano wa vijana wa kartye, Butembo. Tumeyaandika vile yalisemwa, tukasahihisha kidogo tu.)

  Kama iko mupolisi kati yetu leo, amevaa nguo ya kazi ao hapana, karibu. Haya maneno ni yake vilevile.

Waliponiomba kusema juu ya kazi ya mupolisi kati ya watu, kijana mmoja pale nyuma alicheka. Alisema: « Kazi gani? Kazi yao tunaijua, ni kuomba ya sigara. » Hata mimi nilicheka. Lakini usiku, nilipokuwa ninaandika, nilikumbuka mambo mawili yaliyonipata. Yote mawili yalikuwa na mupolisi ndani. Ngoja niwaelezee, kisha tutazungumuza sheria.

Ya kwanza. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tumekaa chini mbele ya ofisi moja ya serikali na makaratasi mukononi, tunaomba maji. Barua ya kujulisha tulikuwa tumeipeleka siku tatu mbele, na mutu aliipokea, akatia sahihi. Wapolisi walikuja, wakatupakiza mu jeep. Mu kasho, na mahali sitapataja juu leo sikuja kushitaki mutu, nililala siku tano. Siku ya pili mama yangu alileta chakula. Ili chakula kiingie, walimuomba makuta. Ili anione, walimuomba tena. Mama yangu anauzisha ndizi. Alitoa makuta ya mutaji wake. Wiki ile yote hakurudi soko, na wadogo wangu walikula mara moja kwa siku. Hakuna hata mutu mmoja aliyeniambia nimevunja sheria gani.

Ya pili. Mwaka uliofuata, saa tisa za usiku, filimbi na masufuria vilianza kulia mu avenii yetu. Munajua ile sauti. Tulitoka wote. Vijana walikuwa wamemukamata kijana mmoja na televizio ya watu. Mimi nilikuwa mu lile kundi, na sikuwa nyuma. Mutu mmoja alikuwa amekwisha kuleta tairi. Mwengine alikuwa na mafuta mu chupa ya maji. Kisha mupolisi mmoja alifika kwa miguu, mutu wa miaka makumi tano hivi, koti imepasuka begani. Alikuwa peke yake. Hakupiga risasi hewani. Alisimama kati yetu na yule kijana, akasema: « Watoto wangu, muniue kwanza mimi. Kisha kesho muende mueleze bibi yangu. »

Tulimutukana. Jiwe moja lilimupiga ku goti, tukasikia vile lilipiga. Hakuondoka. Alisimama pale mpaka wenzake wakafika, na ile saa ilikuwa ndefu.

Yule kijana alikuwa mwizi kweli. Sikuje kuwaambia kama alikuwa malaika. Alipelekwa ku parke, akahukumiwa, akafungwa. Leo ametoka, anaendesha moto, na mimi ninapita karibu naye mu barabara. Kila mara nikimuona ninafikiri neno moja: yule mupolisi alimuokoa mwizi, lakini aliniokoa mimi pia. Juu mimi leo ningekuwa muuaji. Ningeolewa na ile harufu ya tairi maisha yangu yote.

Sasa, makamaradi, wale wenye waliomba mama yangu makuta na yule aliyesimama mbele ya tairi, wote walivaa nguo ya rangi moja. Ndiyo mana siwezi kusema « wapolisi wote ni wabaya », na siwezi kusema « tuwapende wapolisi wetu » kama vile wanasema ku redio siku za sikukuu. Ninataka tuulize ulizo lingine: kazi yao ni gani, nani aliwapa ile kazi, na siye tuko na haki gani ya kuiomba?

Sheria inasema nini

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, mu kifungu cha 182, inasema polisi ya taifa iko na muzigo wa usalama wa wote, usalama wa watu na wa mali zao, kulinda na kurudisha utulivu, na kulinda wakubwa wa inchi. Muangalie ile mupango. Watu na mali zao wanatajwa mbele. Wakubwa wanakuja ku mwisho. Mu barabara zetu mara mingi tunaona kinyume: mukubwa mmoja na wapolisi sita, kartye nzima na wawili.

Kifungu cha 183 kinasema polisi haina chama. Iko kwa kutumikia taifa la Kongo, na hakuna mutu mwenye anaweza kuigeuza kwa faida yake. Hakuna mutu: hata meya, hata deputé, hata mufanya biashara mwenye anaita OPJ aende kumukamatia mutu mwenye anamudai.

Kisha kuna sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya mupango na kazi ya polisi. Ile ndiyo ilileta mawazo ya polisi ya karibu na watu: mupolisi mwenye anajua avenii, mwenye watu wanamujua, mwenye anasikiliza mbele ya kukamata. Na mu 2013 serikali ilitia sahihi decret ya kuunda mabaraza ya usalama mu miji na mu makomine, mahali raia, polisi na watawala wanapashwa kukaa meza moja na kusema: hapa usiku panatisha, hapa taa imekufa, hapa barieri inaiba watu. Ni wangapi hapa walikwisha kukaa mu baraza kama ile? Ninaona mikono miwili. Aksanti kwa kusema kweli.

Ile woga ilitoka wapi

Vijana wanauliza: kama sheria ni nzuri hivi, juu ya nini tukiona nguo ya bulu tunabadilisha njia? Wakubwa wetu wanajua. Wakati wa Leopold wa pili na wa Wabelji, Force Publique haikuundwa kwa kulinda babu zetu. Iliundwa kwa kuwafanyisha kazi na kuwalipisha kodi, na fimbo ya kiboko mukononi. Wakati wa Mobutu kulikuwa jandarmeri, kisha mu 1984 ikaongezwa Garde civile. Mutu wa bunduki alikuwa mutu wa shefu. Raia alikuwa shamba lake. Inchi imebadilisha jina, nguo imebadilisha rangi, lakini ile desturi ya kuona raia kama shamba haijakufa yote.

Na tuseme kweli upande wa pili. Mupolisi wa chini naye iko shamba la mutu mwengine. Mushahara ni kidogo na unachelewa. Nyumba ya kazi hakuna, analala kwa kupanga kama siye. Akigonjwa, bibi yake anakusanya makuta mu kanisa. Na jioni, wengine wao wanatuambia kwa sauti ya chini, mukubwa anangojea « raporti », na ile raporti haiko karatasi. Asipoleta, kesho anahamishwa mahali hakuna kitu. Kwa hiyo akisimamisha motari asubuhi, hatafute kosa la motari. Anatafuta raporti ya jioni.

Sisemi ile kwa kumuombea rehema. Mama yangu naye hakuwa na mushahara, na hakuibia mutu. Ninasema ile juu tukipigana paka na mupolisi wa barieri, na hatuulize ile makuta inapanda mpaka wapi, tutakuwa tunakata majani na kuacha muzizi.

Huku kwetu kuna jambo lingine. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu na Ituri ziliwekwa mu état de siège. Mukubwa wa jeshi alikuwa guvernere, na maofisa wa polisi walikuwa mameya, hata hapa Butembo na Beni. Mutu mwenye alipashwa kupokea lalamiko yako juu ya polisi alikuwa yeye mwenyewe polisi. Utasema kwa nani? Ndiyo mana tunaendelea kusema: usalama haukuje juu ya kuvalisha watawala nguo ya bunduki. Unakuja raia akiwa na mahali pa kusema.

Mambo unapashwa kuyajua ku kichwa

Hii sehemu muiandike mu telefone zenu. Haiko siasa, ni Katiba.

Kifungu cha 18. Ukikamatwa, wanapashwa kukuambia palepale juu ya nini, na mu lugha unayosikia. Kama ni Kinande, ni Kinande. Uko na haki ya kuita familia ao avoka palepale. Kasho ya polisi haiwezi kupita masaa 48. Masaa 48 yakiisha, wakuachilie ao wakupeleke mbele ya wakubwa wa haki. Na mu kasho unapashwa kutunzwa vile uzima wako na heshima yako vinalindwa. Mimi nilikaa siku tano. Sasa munajua ni mara ngapi walipita.

Kifungu cha 17. Kosa ni la mutu mwenyewe. Hawawezi kukamata mama juu mutoto amekimbia. Hawawezi kukamata mudogo juu yaya hakulipa. Ile inafanyika kila wiki, na watu wanalipa kimya kama vile ni sheria.

Deni. Mutu hafungwe juu ya deni tu. Ile ni mambo ya tribinali, haiko ya kasho.

Amande. Kama umekosa barabarani, lipa amande na uombe karatasi ya malipo. Karatasi ikikosa, ile haiko amande.

Kifungu cha 26. Kwa kuandamana tunapashwa kujulisha mutawala kwa maandishi. Kujulisha. Hatuombe ruhusa. Siye vilevile tufanye sehemu yetu: barua ipelekwe mapema, na kopi ibaki.

Kifungu cha 28. Hii ni yenu, maafande. Hakuna mutu mwenye anapashwa kutii amri yenye inavunja sheria waziwazi. Komanda akikuambia piga risasi ndani ya watoto wenye wamekaa chini, sheria iko upande wako ukikataa. Na tangu Julai 2011 kutesa mutu ni kosa lenye sheria yake ya pekee mu inchi yetu. « Niliambiwa tu » haitakulinda.

Muone Beni, ni karibu hapa. Tarehe 21 Mei 2020, Freddy Kambale, mwanamemba wa LUCHA, aliuawa na risasi ya polisi mu maandamano ya amani. Watu wa Beni hawakuchoma komisaria. Walishitaki. Mu mwezi wa saba wa mwaka ule ule, korti ya kijeshi ilimuhukumu ofisa wa polisi kifungo cha maisha. Haikumurudisha Freddy. Lakini kila mupolisi wa Beni alijua siku ile kama risasi iko na jina la mutu aliyeipiga.

Na muone Kinshasa. Tarehe 1 Juni 2010 Floribert Chebeya, mutetezi wa haki za watu, na mwenzake Fidèle Bazana, walienda ku makao makuu ya polisi. Kesho yake Chebeya alionekana amekufa ndani ya gari yake. Familia zao zilingojea mpaka Mei 2022 ndipo Korti Kuu ya Kijeshi ikawahukumu tena maofisa wa polisi juu ya mauaji ile. Ni miaka makumi moja na miwili. Ninawaambia hii ili musifikiri haki ni ya haraka. Iko polepole, lakini wale wajane hawakuacha kwenda.

Na siye je?

Hapa wengine hawatafurahi. Tunaomba polisi isitupige, isituibie, iheshimu masaa 48. Vizuri. Lakini usiku, tukimukamata mutu, siye tunamupa masaa ngapi? Siye tunamuita avoka? Ile tairi ni kasho, ni muamuzi na ni munyongaji, vyote mu dakika kumi. Na mara ngapi tumesikia asubuhi: « Kumbe hakukuwa yeye »?

Ninajua jibu lenu, juu ni jibu nilikuwa nalo: « Tukimupeleka ku polisi, analipa, kesho iko inje, anakuja kulipiza kisasi. » Ni kweli inafanyika. Lakini muangalie vizuri. Mwizi anatoka juu hakuna mutu aliyeenda kushuhudia. Tunamutupa ku polisi usiku, tunarudi kulala. Hakuna jina la mushitaki, hakuna shahidi, mwenye televizio anaogopa, OPJ iko na dosie tupu. Dosie tupu ndiyo soko ya rushwa. Dosie yenye mashahidi watano, wenye wanarudi kuuliza siku ya tatu, ni nguvu kuiuza.

Na ya pili: siye wenyewe tunatoa. « Afande, chukua ya soda, niachie nipite. » Tunasema tunafanya haraka. Lakini ile mia tano yako inamufundisha kusimamisha mama wa ndizi mwenye hana mia tano.

Na ya tatu: tuache kumuita kila mupolisi adui. Adui iko na jina lingine huku kwetu, na munalijua, na linakuja usiku na mapanga. Mu kartye yenye raia na polisi hawazungumuzi, anapita katikati bila kuulizwa. Mama mwenye ameona watu wasiojulikana ku shamba anapashwa kuwa na mupolisi mmoja mwenye anaweza kumuambia, bila kuogopa kama ataulizwa yeye: « Wewe uliwaonaje? Wewe uko mwenzao? » Binti mwenye ametendewa ubaya anapashwa kufika mbele ya mupolisi mwanamuke, ku sehemu ya polisi inayolinda watoto na wanawake, na asikilizwe na mulango umefungwa. Ile ni usalama. Siraha peke yake haitatosha.

Kaka mmoja aliniuliza mbele ya mukutano: « Kwa hiyo munataka tuwe marafiki wa polisi? » Hapana. Rafiki anafichiana makosa. Siye tunataka kuwa raia wenye wanajulikana na polisi wao, na wanaijua kazi yake kuliko yeye. Akifanya vizuri tuseme jina lake mu mukutano. Akiiba tuandike tarehe, saa na mahali, tupeleke ku mukaguzi wa polisi ao ku oditora ya jeshi, juu ni korti za kijeshi ndizo zinahukumu wapolisi.

Mambo tutaanza nayo

Tusirudi nyumbani na maneno matupu. Ninaomba tukubaliane mambo mane.

Moja: kila siku ya kwanza na ya ine ya wiki, vijana wawili wa kartye, kijana na binti, watapita ku posti ya polisi, kwa heshima, na ulizo moja: « Shefu, nani iko mu kasho, na tangu saa ngapi? » Wakituambia hapana, tutaandika kama walituambia hapana. Wiki ijayo tutarudi.

Mbili: vifungu 17, 18 na 26 vitaandikwa mu Swahili na mu Kinande, vibandikwe ku mulango wa hii sale, ku kituo cha moto na ku soko.

Tatu: tutaandika barua kwa komine tuulize baraza la usalama linakaa siku gani, na tutatuma watu wetu. Kama halikai, barua itauliza juu ya nini.

Ine: hakuna tairi tena mu avenii zetu. Filimbi ikilia, tutoke, tumukamate mutu, tumukalie, tuite polisi, na watu watano watoe majina yao kama mashahidi palepale. Mimi ninatoa langu la kwanza.

Nilirudi kumutafuta yule mupolisi wa koti iliyopasuka. Ilinichukua miezi mingi juu nilikuwa na haya. Nilipomupata, alikuwa anachechemea kidogo. Nilimuambia: « Papa, nilikuwa pale usiku ule. » Aliniangalia, akauliza: « Wewe ndiye ulitupa jiwe? » Nilisema hapana. Na ni kweli sikutupa. Lakini nilikuwa nimeshika kiberiti, na ile sikumuambia. Ninaisema leo mbele yenu, na kama iko mu hii sale, ameisikia.

 Sasa maulizo.